Uzao wa Gaju

Minembwe, tarehe 3 Machi 1974

Citoyenne Mama Anastasie,

Salamu kutoka milimani. Mimi ni Rugema, mwana wa Sebatware. Ni mwalimu wa shule ya misheni hapa Minembwe. Kabla ya amri ya serikali ya kubadilisha majina ya Kizungu uliniita Henri, na mara ya mwisho kuonana nilikuwa kijana wa shule, nikila ndizi zako huku baba akizungumza na mume wako Albert.

Labda unakumbuka mwenyewe, lakini naandika ili kusiwe na kosa. Baba aliteremka Baraka kununua chumvi, akaugua. Albert, ambaye hakumjua, alimchukua mpaka Lweba, mkamlaza nyumbani kwenu msimu mzima wa mvua. Alipopona alirudi kwenu na mtamba wa rangi ya kahawia aitwaye Gaju, pamoja na icyansi, ule mtungi wa mti tunaokamulia maziwa. Kwetu ng'ombe wa namna hiyo si malipo. Anatolewa ili nyumba mbili ziwe moja.

Mwaka uliofuata vita vilipanda mpaka huku, na ng'ombe wote wa baba wakaliwa. Sasa anao wengine, amewapata huku na huku. Anawachunga vizuri lakini anawaita wageni. Ule ukoo aliorithi kwa babu yake, ambao alijua mama wa kila mmoja na bibi wa kila mmoja, umekwisha. Isipokuwa Gaju, kama aliacha mtoto kwenu.

Baba ni mgonjwa. Mganga wa zahanati anasema ni ini, na kwamba hataona mwaka mpya. Hazungumzi mengi. Anauliza jambo moja: je, uzao wa Gaju upo? Hadai kitu. Anataka kujua kabla hajaenda.

Barua hii inaletwa na Kayumba, mfanyabiashara wa siagi na maharage, ambaye huteremka soko la Baraka kila mwezi. Unaweza kumpa jibu.

Rugema

*

Lweba, 7 Aprili 1974

Mwanangu Henri,

Usiniite citoyenne. Hapa si bureau ya serikali, na wewe ulikula ndizi zangu mpaka tumbo likakuuma, nakumbuka vizuri sana. Jina langu jipya alinichagulia chefu wa eneo mwenyewe, liko kwenye kadi, na kadi iko ndani ya sanduku. Huko likae.

Albert alifariki mwaka wa 1967. Kifua. Nimebaki na Florentine, binti yetu mmoja, ambaye ameshakuwa mkubwa kunishinda na anaanza kuniamuru. Tunauza samaki Baraka. Tunaishi.

Nimesikitika kwa habari za baba yako. Kwa miezi ile alipolala hapa alikataa chakula changu nusu, akawa anakunywa uji tu na kunishukuru kama nimempikia karamu. Albert alimpenda mno. Walikuwa wanakaa nje wakizungumza Kiswahili kibovu, kila mmoja cha kwake, na kucheka.

Habari ya ng'ombe niachie kwanza, mwanangu. Mambo ya wakati wa vita hayaandikwi yote kwenye karatasi, na karatasi inapita mikononi mwa watu.

Lakini nimempa Kayumba mzigo wa baba yako. Ni ule mtungi wa mti. Ndiyo, bado ninao! Florentine huniambia nautunza kama hazina ya serikali, hata kuufuta vumbi hamruhusu mtu. Kwa kuwa mwenyewe yuko kitandani, basi auone tena. Sirudishi chombo cha mtu kikiwa kitupu, sikulelewa hivyo. Nimeujaza mikeke, samaki wa ziwa letu, niliyoikausha kwa moshi mimi mwenyewe, mikubwa, ile ambayo siuzi sokoni hata kwa mke wa kamishna. Afungue yeye kwa mkono wake. Mwambie ni hazina yangu ndani ya hazina yangu.

Mama yako,
Anastasie

*

Minembwe, tarehe 12 Mei 1974

Citoyenne,

Mzigo umefika.

Baba alifungua mwenyewe, kama ulivyoagiza. Aliutambua mtungi kabla hajaondoa kifuniko, akatabasamu. Kisha akafungua. Akaomba utolewe nje ya nyumba, akageukia ukutani. Tangu siku ile hajauliza tena juu ya Gaju.

Labda unajua, labda hujui. Kwetu samaki na maziwa havikutani. Mzee wa rika la baba hali samaki na hakai walipopikwa. Chombo cha maziwa kilichoingia samaki hakirudi tena kwa ng'ombe. Tunaamini chuchu zinapasuka na maziwa yanakauka. Mtu akitaka kumwambia mwingine kwamba ng'ombe wao wamekwisha na urafiki wao umekwisha, hangepata njia iliyo wazi kuliko hii.

Baba amepokea jibu. Sisi pia. Asante kwa kujisumbua.

Rugema, mwalimu

*

Lweba, 2 Juni 1974

Henri,

Nimesoma barua yako nikakasirika. Nikaiweka. Nikaisoma tena nikalia, kisha Florentine akaniuliza, "Mama, mikeke yote ile ulitia mu chombo ya maziwa?" na jinsi alivyouliza nikacheka huku nalia. Sasa niko sawa, nakuandikia. Umsomee baba yako, neno kwa neno, na usiruke kwa sababu wewe ni mwalimu na unaona haya.

Sebatware, rafiki wa mume wangu. Sikujua. Uliishi kwangu msimu mzima ukakataa samaki wangu, mimi nikadhani ni tumbo la mgonjwa! Hukusema. Kwa nini hukusema? Ningekupikia kuku.

Huku kwetu, mtu akiazimwa sahani na jirani, anairudisha na kitu ndani, hata kama ni chumvi kidogo. Kuirudisha tupu ndiyo kumwambia jirani usinijie tena. Nilichagua kilicho bora katika nyumba yangu nikakitia katika kilicho bora katika nyumba yangu. Hilo ndilo nililolituma. Lingine lolote ulilolipokea, lilipanda njiani.

Sasa nikuambie juu ya mtungi. Vita vilipofika Lweba tulikimbia kwa mtumbwi kwenda Ubwari. Nilikuwa na Florentine mgongoni. Nilikuwa nimebeba sufuria mbili, mikeka na nguo. Albert akaniambia, "Acha byote, beba hii. Hii iko ya Sebatware." Nilimtukana, Mungu anisamehe. Nikaacha sufuria. Huko Ubwari tulipika kwenye kopo la rangi, lakini mtungi wako ulikuwa salama, umefungwa ndani ya shuka. Ndiyo maana naufuta vumbi.

Gaju waliomla ni wapiganaji. Walimkuta Lweba kabla hatujakimbia. Walimpa Albert mguu wa nyuma kwa sababu ati ni mwenzao wa kabila, akawaambia hana njaa. Wakampiga kwa jibu hilo. Kifua chake kilianzia hapo.

Lakini Gaju alikuwa amezaa, Sebatware. Alizaa jike. Huku pwani ya ziwa nzi ni wengi, kwa hiyo Albert aliipeleka ndama Fizi kilimani kwa dada yake Pulchérie, kabla ya vita. Ndama ile ilikua. Ipo mpaka leo, ng'ombe mzima wa kahawia, na mwaka jana amezaa jike naye. Albert alimwona kwa macho yake baada ya vita, alipokwenda Fizi mara ya mwisho. Alirudi amefurahi kuliko nilivyomwona tangu ujana.

Sikukuandikia hivi mwezi wa nne kwa sababu niliogopa. Askari walikuwa wamepita Fizi wakiuliza nani ana ng'ombe za milimani, ati zirudishwe kwa wenyewe. Zile walizozichukua hakuna aliyerudishiwa. Nilipoona jina la Gaju kwenye karatasi, niliikunja haraka nikaificha. Basi. Ni woga tu, si kitu kingine.

Uzao wa Gaju upo. Henri, mwambie leo leo, usingoje Jumapili.

Anastasie

*

Minembwe, tarehe 30 Juni 1974

Mama Anastasie,

Nilisoma kama ulivyoagiza. Alitaka nisome mara ya pili, hasa pale pa kuku.

Matokeo ni haya. Ameagiza mtungi urudishwe ndani, umewekwa kando ya kitanda chake, na harufu ni ileile. Mama yangu, Nyirakamana, amehamia nyumba ya jikoni na anasema hatarudi mpaka mmoja kati ya hao wawili, baba au mtungi, atoke. Baba amekula vizuri siku tatu mfululizo. Si samaki, usifurahi mno.

Jambo la pili ni gumu zaidi. Anataka kwenda Fizi kumwona ng'ombe. Nimemweleza kwamba ni mgonjwa, kwamba njia ina waasi wa msituni upande mmoja na vizuizi vya askari upande mwingine. Akaniambia nimefundisha watoto muda mrefu mno, sasa nadhani kila mtu ni mtoto. Wadogo zangu wamekubali kumbeba kwa kipoyi, kile kitanda cha kubebea mabegani. Mimi nitatembea mbele na barua ya ruhusa kutoka kwa mkubwa wa eneo.

Tutajaribu kufika katikati ya Julai, njia ikiwa bado kavu. Tafadhali mwambie dada Pulchérie asimpeleke ng'ombe mbali.

Samahani kwa barua ya mwezi wa tano. Niliandika kwa haraka.

Rugema

*

Lweba, 4 Agosti 1974

Mwanangu Henri,

Mmefika salama? Kayumba anasema mmefika, lakini Kayumba husema kila kitu kimefika.

Mliondoka upesi kwa sababu ya wale askari, hatukuzungumza vya kutosha. Bado nacheka nikikumbuka ulivyotusimulia pale Fizi habari za kizuizi, walivyowasimamisha wakidhani mmeficha dhahabu chini ya godoro. "Muzee analalia nini?" Na baba yako, macho yamefungwa, "Nalalia ugonjwa. Munautaka?" Wakaruka nyuma kama wamechomwa.

Wewe ulikuwa unahangaika na wabebaji na karatasi zako, kwa hiyo kuna mambo hukuyaona. Nakuandikia uyajue. Tangu asubuhi nilisimama nje kwa Pulchérie nimeshika kamba ya yule ng'ombe, juani, mimi ambaye naogopa ng'ombe. Pulchérie aliniambia nikae kivulini, ninyi mtachelewa. Sikukaa. Nilikuwa nawaza: huyu mzee amebebwa milima yote ile kwa neno langu.

Walipomtua, alitazama kwa muda. Akaomba ainuliwe. Akamshika ng'ombe pembe, akapitisha mkono mgongoni mpaka mkiani, taratibu. Kisha akanitazama mimi, si ng'ombe. Akasema kwa sauti watu wote wasikie, "Mama, iko yeye. Hii iko tumbo ya Gaju." Akaanza kutaja majina, mama wa Gaju, bibi wa Gaju, mpaka sauti ikakatika. Pulchérie aliingia ndani akajifungia. Nikadhani ni furaha.

Henri, sijui kusema haya vizuri. Tangu Albert afe nilikuwa nabeba kitu peke yangu, na siku ile kilipungua uzito.

Nimeamua, na Florentine amekubali. Yule mtamba, binti wa huyu mkubwa, ni wenu. Najua hamdai. Kayumba atampandisha pamoja na mizigo yake, amekubali ingawa analalamika. Baba yako amwone asubuhi akifungua mlango.

Mama yako,
Anastasie

*

Minembwe, tarehe 1 Septemba 1974

Mama,

Mtamba amefika bila jeraha. Amefungwa mbele ya mlango wa baba. Baba amedhoofika, anasema kidogo sana, lakini kila asubuhi anaomba mlango ufunguliwe. Mama yangu amerudi nyumba kubwa.

Rugema

*

Lweba, 20 Oktoba 1974

Henri mwanangu,

Ukiwa na watu, weka barua hii, uisome peke yako.

Pulchérie amekuja hapa Lweba. Alikaa siku nzima bila kusema alichofuata. Jioni akaniambia. Ile ndama ya Gaju haikuishi. Wapiganaji waliipata Fizi, wakaila kama walivyomla mama yake. Baada ya vita Albert alipotuma neno kwamba anakwenda kuiona, Pulchérie alitoka akanunua ndama nyingine, ya rangi ileile, kwa watu wa kule bondeni. "Albert alikuwa anakufa," ameniambia, "ningemwambia nini?" Albert aliiangalia akashukuru Mungu. Albert alikuwa mvuvi. Kwake ng'ombe wote wa kahawia walikuwa Gaju.

Kisha akanyamaza miaka yote. Mlipokuja na kipoyi ndipo alijifungia ndani, akisikia mzee anataja majina ya ng'ombe juu ya mnyama asiye wake. Anasema hajalala vizuri tangu siku ile. Nimemfokea mpaka majirani wakaja. Sasa tumekaa wawili hapa kama waliofiwa.

Henri, nimemdanganya baba yako. Sikujua, lakini nimemdanganya. Nimemfanya mgonjwa abebwe milima yote ile, akashika pembe ya ng'ombe wa mtu mwingine akamwita mtoto wake. Na mtamba yule pale mlangoni ni mgeni kama wageni wake wengine. Mwambie. Ni lazima ajue kweli kabla hajaenda, ndicho alichouliza tangu mwanzo. Akitaka mtamba arudi, mrudishe, sitaona vibaya. Akitaka kunitukana, andika matusi yote, usiyapunguze.

Kama itamuua, basi usimwambie. Sijui. Amua wewe, mimi nimeshindwa.

Anastasie

*

Minembwe, tarehe 17 Novemba 1974

Mama,

Baba alifariki tarehe 9 Oktoba, asubuhi, mlango ukiwa wazi. Barua yako ilimkuta amekwisha kuzikwa. Nilikuwa nimekuandikia habari za kifo, lakini Kayumba alikuwa amekwisha kuteremka. Unapata zote mbili pamoja, nisamehe.

Hukumdanganya. Alijua.

Tulipokuwa tunarudi kutoka Fizi tulipumzika siku ya kwanza juu ya mlima. Nilimwambia baba kwamba nimefurahi, kwamba sasa ana ukoo wake tena. Akaniambia, "Yule hana hata unywele mmoja wa Gaju. Nilijua kabla sijamshika. Anakanyaga kama ng'ombe wa bondeni." Nilidhani ni homa. Nikamuuliza basi kwa nini alisema vile mbele ya watu, yeye ambaye hakuwahi kukosea ng'ombe wala kumkubalia mtu kosa juu ya ng'ombe. Alivuta shuka mpaka kidevuni. Kisha akasema, "Ukoo ni wangu. Mimi ndiye ninayejua nani yumo. Yule mama yumo, na ng'ombe aliyemshikia kamba juani yumo." Akawaambia wabebaji waendelee, kwa sababu mimi nilikuwa bado nimesimama.

Sikukuandikia hayo mwezi wa tisa. Niliona hayakuwa yangu kuyatoa.

Sasa sikiliza lililobaki. Jana tulimaliza matanga. Kwetu siku hiyo ng'ombe wa marehemu hupitishwa mbele ya watu, na mzee mmoja huuliza ukoo wa kila mmoja, na mwana wa kwanza hujibu. Kinachosemwa siku hiyo ndicho watoto watakachojifunza. Barua yako ilikuwa mfukoni mwangu, nilikuwa nimeisoma usiku uliotangulia. Mimi hupiga watoto fimbo darasani kwa uongo mdogo kuliko huo, unajua nilivyo. Walipomleta mtamba wako, mzee akauliza, "Huyu ni wa nani?"

Nikasema, "Ni wa tumbo la Gaju. Ametoka Lweba, kwa ndugu zetu."

Imeshasemwa mbele ya watu wote, haiwezi kufutwa. Mwambie shangazi Pulchérie alale. Na wewe usiniandikie tena habari za ndama ya kununuliwa, kwa sababu sitaelewa unazungumza juu ya ng'ombe gani.

Mwanao,
Henri